Zile nyota za SPSS msizifute jamani

Nimekuwa kimya kidogo, si mnajua tena mambo ya mwaka wa tatu: ripoti ya utafiti inakutolea macho huku, mitihani inakuita kule, na bumu ndo limeshakata. Leo sina stori ya bweni wala ya foleni ya kantini. Nina hoja moja tu, imenikaa kooni muda mrefu, naomba niitoe halafu mnishambulie mtakavyo.

Hoja yenyewe hii hapa: acheni kufuta nyota.

Nyota gani? Waliokwisha kukaa na SPSS wanajua. Unaingiza data zako, unachora ile picha ya boksi lenye ndevu juu na chini, halafu juu kabisa, mbali na wenzake, kunatokea kaduara au kanyota na namba ya mstari pembeni. Hapo mtu anashtuka: "Duh, hii itaniharibia SD." Anarudi kwenye jedwali, anautafuta ule mstari, anaufuta, anachora upya, picha inatoka safi kabisa. Kwenye sura ya tatu ya ripoti anaandika "data zilisafishwa". Pita vimbweta vyote wiki hizi, wimbo ni huo huo. Na ukimuuliza kwa nini umefuta, anakwambia kompyuta imesema kuna tatizo.

Kompyuta haijasema hivyo! Hebu tuangalie ile nyota inatoka wapi. Boksi linabeba nusu ya data zako, ile nusu ya katikati. SPSS inapima urefu wa boksi, halafu chochote kilichotoka nje ya ukingo kwa zaidi ya mara 1.5 ya urefu huo inakipa duara, na kilichopita mara 3 inakipa nyota. Basi, ni kazi ya rula tu. Mzee aliyetuletea picha hii, Mmarekani John Tukey, ambaye kitabu chake cha namna ya kuchunguza data kilitoka 1977, aliweka alama ili mtu aende akatazame pale kuna nini. Alama ya "njoo uone" sisi tumeigeuza kuwa "futa".

Na rula hiyo inafaa pale data zinapokuwa na umbo la kengele, ule mtawanyo wa kawaida tuliokaririshwa hadi tukauota. Urefu wa wanafunzi wa rika moja uko hivyo: wengi katikati, wachache sana wafupi mno, wachache sana warefu mno. Kwenye kengele halisi nyota inatokea kama mara 2 tu katika data milioni moja. Ukiiona hapo una haki ya kushtuka.

Ila si kila kitu duniani ni kengele. Kuna mitawanyo iliyolalia upande mmoja: data nyingi zimerundikana chini karibu na sifuri, halafu mkia mrefu unavutwa kulia. Na mkia wenyewe ni mzito, yaani vile vitu vikubwa kupindukia vinatokea kwa nadra, lakini si kwa nadra kama kengele inavyodai. Mwenye R kwenye laptop yake aandike hivi:

boxplot(rlnorm(1000, 0, 1.5), range = 3)

Hizo ni data 1,000 zilizotengenezwa na programu yenyewe. Hakuna kosa la kuandika, hakuna karani aliyesinzia, hakuna mtu aliyedanganya kwenye dodoso. Na bado utaona vidoti kama 60 hivi viko nje ya mara 3, yaani kwa lugha ya SPSS ni nyota 60. Utazifuta zote? Hizo ndizo data! Na katika mtawanyo huo huo wastani ni mara 3 ya namba ya katikati, na asilimia 77 ya data ziko chini ya wastani. Robo tatu ya watu wako chini ya huyo "mtu wa wastani", sasa huyo anamwakilisha nani?

Haya, tuje nyumbani, maana mimi natokea Kyela na hoja hii imetoka huko. Chukua mvuvi wa usipa wa Matema. Anatoka usiku na taa zake, anategemea giza, upepo na bahati. Namba ninazoweka hapa ni za kubuni ili tufanye hesabu, ila aliyewahi kusubiri mitumbwi alfajiri atakubali kwamba sura yake ndo hiyo. Usiku kumi, ndoo za usipa:

0, 1, 1, 2, 2, 3, 3, 4, 6, 78

Jumla ni ndoo 100, wastani ni ndoo 10. Angalieni tena zile namba. Kuna usiku gani alipata ndoo 10? Hakuna. Kuna tisa za njaa na mmoja wa neema. SPSS itakupa SD ya karibu 24, na ukifuata ile kanuni ya wastani kutoa SD mbili unafika ndoo hasi 38. Usipa hasi! Yaani mvuvi kaingia ziwani kurudisha samaki, teh teh teh. Programu haikucheka wala haikukuuliza kitu, imekupa desimali zake tatu na wewe umebandika kwenye ripoti.

Mediani, ile namba ya katikati ukizipanga kwa mstari, ni 2.5. Hiyo inamjua mvuvi wetu vizuri kidogo. Sasa fanya ule usafi wenu, futa ile 78 yenye nyota. Wastani unashuka hadi 2.4, SD 1.8, picha inang'aa. Hongera, umefuta asilimia 78 ya usipa wote. Umefuta bati la nyumba, ada ya mtoto na deni la nyavu, kwa sababu kwa mvuvi vitu vyote hivyo vilitoka kwenye ule usiku mmoja.

Na hii si michezo ya darasani. Tuseme kuna kikundi cha mikopo kinampangia marejesho ya kila siku kwa kutumia ule wastani wa ndoo 10. Usiku tisa kati ya kumi hataweza kulipa, ataitwa mdaiwa sugu, atakuja kunyang'anywa hata hiyo injini. Kikundi kingine kitumie data "zilizosafishwa", kitamwona maskini asiyekopesheka na kumnyima kabisa. Wote wawili wamekosea, na wote wana jedwali la SPSS la kujitetea. Mvuvi alihitaji mkopo wenye marejesho yanayosubiri usiku mkubwa, na hilo utalijua tu kama umeuacha usiku mkubwa kwenye data.

Tuache samaki twende kwenye maji yenyewe. Kyela ni bonde tambarare, mgongoni ina Rungwe na safu ya Livingstone, mbele ina ziwa. Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo inashuka kwa kasi kutoka huko juu halafu inafika mahali pa tambarare haina pa kukimbilia. Mvua yetu kwa mwaka inapita milimita 2,000, na kilele chake ni Machi hadi Mei. Inaweza isinyeshe Ipinda, ikanyesha Tukuyu, na mto ukakufuata usiku kitandani. Songwe ndio kabisa, ni mpaka wetu na Malawi na una tabia ya kuhama mkondo mafuriko yakija, mtu analala na shamba upande huu, asubuhi anaulizana na jirani shamba liko nchi gani.

Sasa mwanafunzi wa jiografia anapewa data za mvua za Kyela, atafute "mvua ya miaka 100", ile ambayo uwezekano wake kwa mwaka ni 1 kati ya 100, ili mtu ajue kalavati liwe pana kiasi gani. Twende na namba za mfano tena. Kila mwaka unachukua siku moja iliyonyesha kuliko zote, ukipiga wastani wa siku hizo unapata milimita 100, SD milimita 30. Ukitumia kengele, mvua ya miaka 100 inakuja milimita 170. Ukitumia mtawanyo wa Gumbel, ambao ulitengenezwa kwa ajili ya vilele kama hivi, unapata 194. Data ni zile zile, tofauti ni umbo tu ulilochagua kwenye menyu.

Mtasema milimita 24 si kitu. Ligeuzeni swali. Ile 170 ambayo kengele inasema inarudi mara moja kwa miaka 100, Gumbel anasema inarudi kila miaka 36 hivi. Yaani kalavati ulilojengewa wewe na wajukuu zako linapitwa na maji ukiwa bado unafundisha. Na Gumbel mwenyewe ni mpole, ana ndugu yake anaitwa Fréchet mwenye mkia mzito zaidi. Halafu hata "miaka 100" tunaielewa vibaya. Watu wanadhani ikitokea mwaka huu basi tumemaliza, tulale hadi karne ijayo. Kumbe nyumba ikikaa miaka 30, uwezekano wa kukutana na mafuriko hayo angalau mara moja ni asilimia 26. Ni zaidi ya mara moja katika nne. Ungeambiwa basi la Mbeya lina uwezekano huo wa kupinduka ungepanda?

Sasa fikiria kwenye ile orodha ya vilele, mwanafunzi kakuta mwaka mmoja una nyota, kaufuta. Wastani unashuka, SD inashuka, na ile 170 inashuka pia. Amefuta mafuriko kwenye kompyuta, ila mto haukupewa taarifa.

Hili wenzetu wamelilipia kwa damu. Usiku wa kuamkia Februari 1, 1953 bahari ilipasua kingo za Uholanzi, wakafa watu 1,836. Baada ya hapo walikaa chini wakakubaliana kwamba sehemu muhimu za nchi yao zikingwe na maji ambayo uwezekano wake kwa mwaka ni 1 kati ya 10,000. Hawakuwa na data za miaka 10,000, hakuna aliye nazo. Ilibidi wakae na mkia, waujadili, wauchoree umbo. Huku kwetu, Aprili 25, 2024, Kassim Majaliwa, Waziri Mkuu wa wakati huo, alilieleza Bunge kwamba mvua za msimu ule zilikuwa zimeua watu 155. Mwaka mmoja nyuma, Machi 2023, kimbunga Freddy kiliipiga kusini mwa Malawi, majirani zetu wa ziwa hili hili, na ukijumlisha waliokufa na ambao hawakuonekana tena wanapita 1,000. Ukiziingiza siku hizo kwenye jedwali la mvua ya kila siku, zote zinatoka na nyota.

Na ardhi nayo iko hivyo hivyo. Desemba 2009 upande wa pili wa mpaka, Karonga, matetemeko yalifuatana siku baada ya siku, lile kubwa la Desemba 19 likiwa na ukubwa wa 6.0, watu wanne wakafa na nyumba nyingi zikaanguka. Kipimo cha matetemeko ni cha logi, kila ukipanda namba moja nguvu inaongezeka kama mara 32, kwa hiyo tetemeko moja la 6.0 lina nguvu ya matetemeko 1,000 ya 4.0. Na bonde letu la ufa lilishatoa la 7.4 kule Rukwa, Desemba 13, 1910. Hilo lina nguvu zaidi ya mara 100 ya lile la Karonga. Nenda kapige wastani wa nguvu za matetemeko ya eneo hili kwa miaka 20 uone. Utapata namba, kwa sababu programu haijawahi kukataa kutoa namba. Halafu litokee moja kubwa, wastani wako wote wa miaka 20 unageuka karatasi ya kufungia vitumbua.

Nimalizie mifano na kokoa, maana nikiiacha Wanakyela watanitenga. Bei ya soko la dunia kwa miaka mingi ilikuwa inacheza kati ya dola 2,000 na 3,000 kwa tani. Mwaka 2024 ikapita dola 10,000. Mwaka 2025 ikaporomoka. Aliyekadiria kwa SD ya miaka kumi ya nyuma angeapa kwamba kitu kama hicho hakiwezi kutokea. Lakini jambo lenyewe si geni, Benoit Mandelbrot aliandika mwaka 1963 akitumia bei za pamba kuonyesha kwamba bei za mazao haziruki kama kengele inavyotaka, kuna miruko mikubwa mno na inarudi rudi. Mkulima aliyejenga nyumba kwa hesabu za mwaka 2024 na yule aliyeng'oa mikokoa kwa hesabu za miaka ya bei mbaya, wote walipewa wastani na hakuna aliyewaambia habari za mkia.

Najua mtanijibu nini, nimeshayasikia yote.

La kwanza: "Sasa kama ni kosa la kuandika kweli?" Sawa, yapo. Mtu kaandika 1200 badala ya 120. Au kituo cha mvua kilikosa kipimo siku hiyo, karani akaweka -999 kama alama ya "hakuna", wewe ukaingiza kama mvua, ukapata mvua hasi. Hizo ziondoe au zirekebishe. Lakini unajua kwa kurudi kwenye daftari la kituo, kwa kumuuliza mzee wa hapo mwaka ule ilikuwaje, kwa kulinganisha na kituo jirani. Ukubwa peke yake si ushahidi wa kosa. Na kumbuka kosa linaweza kujificha katikati ya boksi pia, 52 imeandikwa 25, hapo hakuna nyota ya kukuamsha.

La pili: "Basi tutumie mediani kila mahali tumalize." Hapana, mediani nayo si malaika. Kwa yule mvuvi wetu mediani inasema 2.5, haijui kabisa kama kulikuwa na 78, ingekuwa 780 ingesema 2.5 hiyo hiyo. Ukitaka jumla ya samaki wote wa ziwa unahitaji wastani, maana wastani mara idadi ndiyo jumla. Kila namba ina kazi yake. Nachokataa mimi ni kumpa msomaji namba moja na kumwacha aamini kwamba imesema yote.

La tatu: "Sampuli yangu ina watu zaidi ya 30, kwa hiyo ni kengele." Ee bwana wee! Hiyo ya 30 imekaririwa hadi imekuwa kama amri ya Mungu. Kwanza hata ikikubali, kinachokaribia kengele ni wastani wa sampuli, data zenyewe hazibadiliki umbo kwa sababu umeongeza watu. Pili, mkia ukiwa mzito, 30 si kitu. Andika hivi kwenye R:

x = rcauchy(10000)
plot(cumsum(x)/1:10000, type = "l")

Huo ni wastani unavyokwenda data zikiongezeka. Utauona unatulia, unatulia, unafikiri sasa umekaa, ghafla unaruka kama umepigwa shoti. Rudia mara tano, kila mara hadithi nyingine. Mtawanyo huo unaitwa Cauchy, na wastani wa data zake elfu moja hauna uhakika zaidi ya data moja. Badilisha uweke rnorm uone tofauti. Dakika mbili tu, na utajifunza kuliko madesa yote ya muhula mzima.

Sasa tufanyeje? Mimi napendekeza haya, na hayahitaji pesa. R ni ya bure, na SPSS mnayo tayari maabara.

Kwanza, chora kabla ya kuhesabu. Histogramu kwanza, halafu ichore tena ukiwa umetumia logi. Kama kwenye logi inakaa kama kengele, umeshapata fununu ya umbo. Lakini angalieni sifuri, logi ya sifuri haipo. R itakupa -Inf utashtuka, SPSS itaiacha wazi kama data iliyokosekana, na zile siku za kurudi mikono mitupu zitapotea kwenye uchambuzi bila kelele. Siku za sifuri zihesabu peke yake uziseme.

Pili, andika namba za kutosha: mediani, ile ya asilimia 10, ile ya asilimia 90, na kubwa kuliko zote. Kwenye R ni amri ya quantile, kwenye SPSS nenda Explore, hata Excel inazo. Mstari mmoja tu wa jedwali unaongezeka.

Tatu, kama kazi yako ni ya vilele, mafuriko au upepo au bei, usiende na kengele. R ina fitdistrplus ya kujaribisha maumbo mbalimbali, ina extRemes kwa ajili ya hao akina Gumbel na Fréchet. Jaribisha mawili matatu, angalia hasa kwenye mkia ni lipi linakaribia data, usiangalie katikati ambako yote yanafanana. Na anayetumia data za mvua za satelaiti ajue zinatoa makadirio ya eneo zima, vilele vya mahali pamoja vinapunguzwa makali kabla hata hujazigusa.

Nne, ukiwa na wasiwasi na nyota, fanya uchambuzi mara mbili, nayo na bila yake, uandike matokeo yote mawili. Kama hitimisho linageuka kwa sababu ya mstari mmoja, hayo ndiyo matokeo yako makubwa. Usimfiche msomaji.

Hapa naongea na sisi wa ualimu hasa. Wenzetu wa takwimu wataenda kukaa ofisini, sisi ndo tutasimama mbele ya watoto. Sekondari tunafundisha wastani, mediani na modi kama wimbo, tafuta hiki, tafuta kile, piga mstari chini ya jibu. Mtoto anajua kuzitafuta zote tatu na hajawahi kuulizwa hata siku moja ni ipi aitumie na kwa nini. Mtihani unataka jibu, hautaki sababu. Mtoto huyo huyo akija kuwa diwani au afisa kilimo, akisomewa kwamba kipato cha wastani cha kata yake kimepanda, hatauliza kama ni watu wote au ni matajiri watatu tu wa kokoa waliovuta namba juu.

Mimi nikienda kwenye mafunzo ya kufundisha, somo langu la takwimu halitaanza na alama za mtihani wa kubuni. Nitawaambia watoto walete namba za kwao: debe za mpunga za kila nyumba, ndoo za usipa, siku maji yalipofika mlangoni. Watoto wa Kyela wanaujua mkia mzito kuliko profesa yeyote. Bibi zao wanahesabu umri kwa mafuriko, "huyu alizaliwa mwaka ule maji yalipochukua ng'ombe". Hakuna bibi anayesema huyu alizaliwa mwaka wa mvua ya wastani. Kumbukumbu ya watu wetu imejaa nyota tupu, halafu sisi wasomi wao tunakuja na laptop kuzifuta!

Kwa hiyo wadau, kabla hujabonyeza futa wiki hii, chukua simu upige nyumbani. Uliza mwaka ule ilikuwaje. Kama watakwambia hakukuwa na kitu, angalia tena daftari lako. Kama simu itapokelewa na mtu akavuta pumzi kwanza kabla ya kujibu, iache ile nyota ikae.

Ndo hivyo. Mwenye kupinga aje na data, na zisiwe zimesafishwa. Tuendelee kupiga msuli.